"Lipa, nitakutumia": deni dogo linalovunja urafiki wa miaka

Jumamosi moja mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, tulikutana watu 14 kula chakula cha mchana kwenye hoteli moja ya mabanda ya nyasi kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye, si mbali na Kamukuywa. Saba walitoka Kitale wakapitia Kiminini. Saba walitoka Bungoma wakapitia Webuye na Misikhu. Tulipachagua kwa sababu ni katikati, na kwa sababu pale hakuna kuta. Meza ni ndefu, za mbao, ziko chini ya miti, na moshi wa jiko unakupokea ukiwa bado unashuka kwenye matatu. Kuku ni wa kienyeji na hapikwi mpaka mmeagiza, kwa hivyo mnakaa saa moja na nusu mkipiga gumzo, na hiyo saa moja na nusu ndiyo hasa tunayoifuata.

Sisi tulisoma pamoja zamani. Leo tuna kikundi, tunachanga kidogo kila mwezi, na likizo za shule zikifika tunakula pamoja. Hatujawahi kugombana kwa sababu ya siasa wala dini. Tuligombana kwa sababu ya bili ya kuku.

Weita aliileta kwenye karatasi ya daftari. Kuku watano kwa sh1,400 kila mmoja, kilo tatu za nyama choma kwa sh1,000 kilo, ugali na mboga sh1,400, soda, maji na chai sh1,200. Jumla sh12,600. Ukigawanya kwa watu 14, kila mtu sh900. Hesabu nyepesi kabisa. Hakuna aliyelalamika, hata yule mwenzetu ambaye tumbo lilikuwa linamsumbua akala mrenda na ugali kidogo tu.

Mhazini wetu, mama mmoja wa Bungoma ambaye tumemwachia pesa za kikundi kwa miaka sita, akasema kama kawaida yake: "Nitumieni kwangu, halafu mimi nilipe Till ya hoteli mara moja."

Ilikuwa inakaribia saa tisa. Anayeijua Trans Nzoia na upande wa juu wa Bungoma anajua maana ya wingu jeusi likishuka kutoka Mlima Elgon saa hizo. Matone ya kwanza yalipopiga nyasi, watu wakaanza kushika mikoba. Tisa walituma pale pale. Wanne wakapunga mkono wakikimbilia matatu: "Lipa tu, nitakutumia jioni!"

Mmoja wa hao wanne ni mimi.

Kilichotokea kwenye simu yake

Tisa mara sh900 ni sh8,100. Hizo ziliingia. Lakini mhazini wetu alikuwa na deni la ovadrafti, ile huduma inayokujazia pesa ukitaka kulipa na salio halitoshi. Wiki hiyo alikuwa amenunua dawa za mama yake, na deni pamoja na ada zake lilikuwa limefika sh2,700. Utaratibu wa huduma hizi ni kwamba pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako, deni linakatwa kwanza. Simu haijui kwamba hii ni pesa ya kuku wa watu. Inaona pesa imeingia, inachukua.

Kwa hivyo michango mitatu ya kwanza ikamezwa yote. Alibaki na sh5,400. Akaongeza sh900 zake taslimu zilizokuwa kwenye kibeti, akalipa sh6,300, nusu kamili ya bili, akamwomba mwenye hoteli ampe mpaka Jumatatu. Mwenye hoteli akakubali, kwa sababu anatujua. Mama huyo akapanda matatu ya mwisho ya Webuye, amelowa, bila kumwambia mtu.

Jioni hiyo wawili kati ya wale wanne walituma. Sh1,800 hizo alizipeleka kwa hoteli Jumapili asubuhi. Zikabaki sh4,500.

Jumanne mwenye hoteli alimpigia mwenyekiti wetu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameagiza meza. Mwenyekiti akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jameni, hoteli inasema hatujamaliza kulipa." Nami, bila kufikiria, nikaandika: "Si tulituma? Pesa ilienda wapi?"

Tulituma, nasema. Mimi sikuwa nimetuma hata shilingi. Nilikuja kutuma Jumatano.

Mwingine akaandika neno "kula". Usiku huo simu ilituonyesha kwamba mhazini ametoka kwenye kundi.

Mwenyekiti alienda Bungoma kumwona. Aliporudi ndipo tukajua mambo ya dawa na ile ovadrafti. Alionyeshwa meseji moja moja, pesa ikiingia na ikikatwa dakika hiyo hiyo. Tukajua pia kwamba kufikia Ijumaa mama huyo alikuwa amemlipa mwenye hoteli kila kitu, pamoja na sh900 za yule mmoja wetu ambaye hajatuma mpaka leo.

Kosa halikuwa la simu

Nimesikia watu wakisikia kisa hiki na kusema, "Hiyo ovadrafti ni wizi." Sikubaliani nao. Ukikopa, unakubali masharti kwamba deni litalipwa na pesa itakayoingia. Dawa ya deni ni kulipa, na huduma hiyo inajilipa yenyewe. Siku ambayo mama yule alihitaji dawa usiku, ilimsaidia.

Wengine wamesema kosa ni lake, angesema mapema kwamba laini yake ina deni. Hapo pia sikubali. Hebu jiulize, wewe ungesema? Mbele ya watu 13 mliosoma nao, mifupa ya kuku ikiwa bado mezani, ungeinuka utangaze kwamba umekopa mpaka simu yako haishiki pesa?

Maoni yangu ni haya: kosa lilikuwa la kikundi chote. Tuligeuza laini ya mtu binafsi kuwa chungu cha wote, tukampa kazi ya kudai, ya kulipa na ya kusubiri, halafu pesa ilipokosekana tukamtaka yeye peke yake ajieleze. Mtu anayekusanya pesa za wenzake mezani anabeba mizigo mitatu. Anabeba deni la wanaochelewa. Anachanganya pesa za watu na zake. Na jina lake ndilo linalochafuka. Hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo, na shukrani anayopata ni "asante mhazini" na emoji ya mikono.

Kwa nini umtumie mtu aliyekaa mbele yako?

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mtu yuko Nairobi, mzazi yuko Chwele au Endebess, na kati yao kuna basi na siku nzima ya safari. Kutuma kulikuwa na maana kwa sababu ya umbali. Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, na nambari za Till zikaanza kubandikwa ukutani madukani. Till kazi yake ni nyingine kabisa: inampa mteja njia ya kumlipa mwenye biashara moja kwa moja.

Lakini mezani bado tunafanya kama mwaka 2007. Watu 13 wanamtumia mtu mmoja aliyekaa hatua tatu mbele yao, halafu yeye analipa Till iliyobandikwa kwenye nguzo ya banda, ambayo wote wanaiona. Pengine mazoea haya yalizidi mwaka 2020, wakati wa korona, kutuma hadi sh1,000 kulipokuwa bure. Ofa hiyo iliisha mwisho wa mwaka huo. Mazoea yakabaki.

Tupige hesabu. Kwa viwango vya M-Pesa vya Julai 2023, kumtumia mtu kati ya sh501 na sh1,000 ni sh13. Watu 13 wakituma sh900 kila mmoja, hiyo ni sh169 zilizoenda kwa ada tu. Hata mkikusanya, halafu mkusanyaji akaamua kutoa taslimu kwa ajenti ili alipe mkononi, kutoa pesa za kiwango hicho ni sh167 nyingine. Jumla sh336. Hiyo ni zaidi ya sahani tatu za ugali na mboga kwenye ile bili yetu.

Sasa angalia njia ya pili. Kila mtu analipa sh900 zake kwa Till ya hoteli. Mteja hakatwi ada. Anayekatwa ni mwenye biashara, na ni asilimia 0.55. Kwa bili ya sh12,600 hiyo ni kama sh69, ambayo ni gharama yake ya kawaida ya kazi. Hakuna anayemdai mwenzake. Hakuna laini ya mtu inayojazwa pesa zisizo zake. Na mtu mwenye deni la ovadrafti analijua yeye na simu yake, ajipange mapema au alipe taslimu, bila kuaibika mbele ya mtu.

Najua mtanijibu nini

Kwanza, mwenye hoteli atasema meseji 14 zinamchanganya. Ni kweli. Weita akiwa na meza sita, na mvua inanyesha, hawezi kujua sh900 hii ni ya meza gani. Lakini dawa yake ni kalamu. Mtu mmoja wenu aandike majina 14 kwenye karatasi ile ile ya bili, na kila anayelipa aonyeshe weita meseji yake, weita athibitishe imeingia kwenye simu ya hoteli, jina likatwe. Sisi tumejaribu, na ilichukua dakika kumi. Kumbuka ni simu ya hoteli inayothibitisha. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja inaweza kuwa ya jana, au ya kuandikwa tu, na wafanyabiashara wengi wameumizwa hivyo.

Pili, kuna wazee watakaosema kugawana bili ni tabia ya kigeni, kwamba kwetu mwenyeji ndiye anayelisha. Nawaheshimu. Nyumbani kwangu mgeni hatoi hata senti, na nitakasirika akijaribu. Lakini hotelini sisi wote ni wageni. Ukitaka kuwa mwenyeji wa wenzako hotelini, ni jambo zuri sana: sema kabla hatujaagiza, halafu lipa bili yote. Usilipe nusu ya ukarimu, ukingoja kurudishiwa kimyakimya.

Tatu, mtasema si kila mtu ana pesa kwenye simu. Taslimu bado ni pesa. Mwenye taslimu ampe weita mkononi, jina lake likatwe kwenye karatasi kama wengine.

Ikibidi mtu mmoja akusanye

Kuna siku haiepukiki. Hoteli nyingine inataka malipo ya mapema ili ichinje kuku wa kutosha. Nyingine haina Till. Siku hiyo, fanyeni hivi.

Mkusanyaji aulizwe peke yake, kwa simu au kwa kuvutwa kando, si mbele ya watu: "Uko sawa tukitumia laini yako?" Akisema hapana, msimuulize sababu. Mtafute mwingine. Swali hilo moja lingetuokoa.

Pesa zitumwe siku moja kabla, si baada ya kula. Mtu aliyeshiba hana haraka ya kulipa, nami ni shahidi. Hesabu ya sahani ifuate pesa iliyoingia: waliotuma ni kumi, agizeni ya watu kumi.

Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Hilo jina limewekwa pale kwa ajili yako. Tarakimu moja ikikosewa, sh900 zako zinakwenda kwa mtu wa Lodwar asiyejua kuku wala Kamukuywa. Hata kwenye Till, soma jina la biashara. Ukiona jina la mtu binafsi, uliza kwa upole kabla ya kulipa. Huenda biashara imesajiliwa hivyo, na huenda mtu amebandika nambari yake juu ya nambari ya hoteli.

Ukikosea, usimpigie aliyepokea ukianza na matusi. Kama umetumia M-Pesa, tuma ile meseji ya malipo kwa 456 mara moja uombe irudishwe. Fanya haraka, kwa sababu pesa iliyokwisha tumika au kutolewa ni ngumu kurudi.

Mkusanyaji naye, akishalipa, atume meseji ya malipo ya hoteli kwenye kundi saa ile ile, pamoja na orodha ya waliotuma na wasiotuma. Si kwa kuaibisha mtu. Ni kwa sababu kimya ndicho kinachozaa maneno. Ikiwa sh2,700 zingetajwa Jumamosi, zingekuwa tatizo la watu 14 kwa sh200 hivi kila mmoja. Zilipokaa kimya mpaka Jumanne, zikawa tuhuma juu ya mtu mmoja.

Na wewe uliyesema "nitakutumia": weka saa. "Nitakutumia kabla sijashuka Webuye." Ahadi isiyo na saa haina tofauti na kukataa, ila tu imevaa nguo nzuri.

Firigisi ina mwenyewe

Nyumbani kwetu Waluhya, kwa desturi, kuku akipikwa firigisi ina mwenyewe. Ni ya mwenye boma au ya mgeni wa heshima. Hakuna anayebishana mezani, kwa sababu jambo hilo lilikwisha kuamuliwa kabla kuku hajachinjwa. Watoto wanajua, wapishi wanajua. Hotelini tunaagiza kuku watano na firigisi zao tano bila kuamua chochote, halafu tunashangaa bili ikikosa mwenyewe.

Kwa hivyo naomba jambo moja tu. Kabla weita hajaondoka na oda yenu, mtu mmoja aulize kwa sauti: "Tunalipaje?" Kila mtu aseme. Anayetaka kula mrenda tu aseme, na alipe ya mrenda tu. Asiye na kitu leo aseme kwa mwenzake anayemwamini. Ni dakika mbili. Ni aibu ndogo, ya mwanzo, ambayo inazuia aibu kubwa ya baadaye.

Sisi tulirudi pale pale mwezi wa Desemba. Tulikuwa 13. Tuliuliza kabla ya kuagiza, tukaandika majina, kila mtu akalipa kwenye Till. Mhazini wetu wa zamani alikuja, ingawa kazi ya uhazini ameikataa kabisa, na kwenye WhatsApp hajarudi. Alilipa zake wa kwanza, akamwonyesha weita simu, jina lake likakatwa. Nilisogea nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Mama, ile siku, mimi nataka kusema pole."

Alinitazama, akaitazama ile karatasi, jina langu likiwa bado halijakatwa.

"Wewe lipa kwanza," akasema. "Halafu tutaongea."